Mzee Asiyejua Tena Jina la Mwanawe

Jua likielekea kuzama huko Kibiti, mzee mmoja huinuka kitini, hutwaa fimbo yake, akashika njia. Akiulizwa aendako, hujibu kwamba aenda nyumbani. Binti yake humwambia, "Baba, hapa ndipo nyumbani." Naye huitazama nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe, akatikisa kichwa. Nyumbani, asema, ni bondeni, ng'ambo ya mto. Mpunga umekwisha kutoa masuke, ndege na nguruwe-mwitu wataumaliza, wala hakuna mtu katika dungu. Kisha auliza kama pantoni imekwisha kuvuka.

Mzee huyo tumemweka awe mfano, na jina lake halina haja kutajwa, maana wazee wa namna yake ni wengi katika nchi yetu. Lakini mambo ayasemayo si ndoto tupu. Watu wa bonde la Rufiji tangu zamani walilima mpunga katika nchi ifurikayo, na maji yalipopungua walilima tena katika udongo ulioachwa wenye unyevu, kilimo wakiitacho mlau. Walikaa katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, wapate kulinda mashamba yao. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu wengi wa bonde, mwaka ule na mwaka 1969, wakakae katika vijiji vipya juu ya nchi isiyofikiwa na maji. Aliyekuwa kijana wa miaka 18 siku zile, leo amekwisha kupita miaka 70. Na pantoni nayo ilikuwapo kweli. Ni tangu mwaka 2003 tu ndipo watu walipoanza kuvuka mto kwa Daraja la Mkapa. Basi mzee hasemi uongo, wala hasemi upuuzi. Asema kweli, ila ni kweli ya miaka mingi iliyopita, naye aiona kana kwamba ni ya jioni hii.

Jambo moja lamwumiza binti yake kuliko yote. Zamani baba huyu alimwita "mama" kwa mapenzi, kama baba wengi wa kwetu wawaitavyo binti zao. Siku hizi bado amwita "mama", lakini sasa ni kwa sababu adhani ndiye mama aliyemzaa. Neno ni lile lile, ila binti ajua kwamba yeye mwenyewe hayumo tena ndani yake.

Twataka leo kufikiri pamoja na wasomaji wetu juu ya maswali mawili yatokayo katika nyumba ya namna hiyo. La kwanza: je, mzee huyu ni yule yule baba, au baba amekwisha kwenda zake, na aliyebaki ni mwili tu? La pili: twamwiwa nini, hasa katika jambo la kweli, mtu asiyeweza tena kuishika kweli tunayomwambia?

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe, maana kutojua ndiko kunakozaa ukatili mwingi. Kusahau mahali ulipoweka ufunguo si ugonjwa. Hata vijana husahau. Ugonjwa ni pale mtu asahaupo ufunguo ni wa kazi gani. Apoteapo katika njia aliyoipita miaka 40. Aulizapo swali moja mara kumi katika saa moja. Ashindwapo kuhesabu fedha alizozoea kuzihesabu. Madaktari huuita ugonjwa huo demensia. Nao si ugonjwa mmoja, bali ni jina la maradhi mengi yaharibuyo ubongo. Lililo kubwa kati yake limepewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1901 huko Frankfurt alimpokea mama mmoja wa miaka 51 aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu, hata akashindwa kuandika jina lake mwenyewe. Mama yule alipokufa mwaka 1906, daktari aliutazama ubongo wake kwa darubini, akaona umesinyaa, na ndani yake mna takataka na nyuzi zilizojisokota ambazo kwa kawaida hazimo kwa wingi hivyo katika ubongo wa mtu mzima wa afya. Aina nyingine hutokana na kiharusi, au na mishipa ya damu iliyoharibiwa na shinikizo la damu la miaka mingi.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, sehemu ambayo mara nyingi huanza kuharibika ni ile ndogo iliyomo ndani ya ubongo, karibu na usawa wa masikio, ipokeayo mambo mapya na kuyaweka akiba. Ndiyo maana mzee hakumbuki kama amekula asubuhi ya leo, lakini akumbuka mpunga wa mwaka 1965. Yaliyowekwa zamani yamekaa mahali pengine, nayo huchelewa kuguswa. Jungu kuu halikosi ukoko. Mikono nayo ina kumbukumbu yake: mvuvi wa delta aliyesahau majina ya wajukuu aweza bado kushona wavu au kushika kafi. Nyimbo na sala zilizojifunzwa utotoni hukaa sana. Na saa za jioni, mwanga upunguapo, wagonjwa wengi hushikwa na wasiwasi, wakataka kuondoka. Kumbe basi fimbo ya yule mzee na safari yake ya jioni si ukaidi. Ni dalili ya ugonjwa, kama homa ilivyo dalili ya malaria.

Watu wengi hudhani kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu. Sivyo. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanao, na walio wengi wakaa katika nchi zisizo tajiri. Hapa kwetu, wataalamu waliowapima wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, waliona kwamba katika kila wazee 100 wa miaka 70 na zaidi, 6 hivi walikuwa nao. Na kwa kuwa wazee wengi hawakwenda shule, wataalamu walitunga njia ya kupima akili isiyohitaji kalamu: kutaja majina ya wanyama, kukumbuka maneno machache, kupanga njiti za kiberiti.

Sasa tuseme juu ya makosa yetu. Kosa la kwanza ni kusema, "Huo ni uzee tu." Uzee peke yake haumwondolei mtu njia ya kwenda kwake. Asemaye hivyo hampeleki mzee hospitali, na huenda akamnyima msaada uliopo. Maana ziko hali zifananazo na ugonjwa huu ambazo hutibika: upungufu wa vitamini fulani, ugonjwa wa tezi ya shingoni, maambukizo ya njia ya mkojo, huzuni kubwa ya moyo, hata dawa zilizochanganywa vibaya. Mtu wa delta ambaye safari yake ya hospitali hungoja maji yajae katika vijito vya mikoko, haendi kwa jambo dogo. Kwa hiyo yafaa ajulishwe kwamba hili si dogo.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo limemwaga damu. Katika sehemu nyingi za Tanzania husikika habari za bibi kizee aliyekutwa alfajiri uani kwa watu, nguo hana, hawezi kueleza ametoka wapi. Mara watu hukusanyika, wakasema ameanguka na ungo katika safari yake ya uchawi. Tuwaulize waliokusanyika: je, mgonjwa wa demensia afanyaje? Huamka usiku akidhani ni asubuhi. Huvua nguo kwa kuwa hajui tena maana yake. Hupotea. Huingia uani mwa mwingine akidhani ni kwake. Akiulizwa hukosa maneno. Wengine huona watu wasiokuwapo, wakasema nao. Kila alama iitwayo ya uchawi ni alama ya ugonjwa. Katika nchi ya Usukuma wanawake wazee wameuawa miaka na miaka, hata kwa sababu ya macho mekundu yaliyochomwa na moshi wa jikoni. Na jirani zetu wa Kenya, mwezi wa Oktoba mwaka 2021, waliona wanawake wazee wanne wakiuawa huko Kisii kwa madai hayo hayo. Mkristo asimamaye katika kundi la namna hiyo na kunyamaza, asidhani kwamba mikono yake ni safi.

Turudi kwenye swali letu la kwanza. Mwanafalsafa mmoja Mwingereza, John Locke, aliandika mwishoni mwa karne ya 17 kwamba mtu ni yule yule kadiri fahamu yake iwezavyo kurudi nyuma na kuyashika matendo yake ya zamani. Wengi leo wafikiri hivyo bila kulijua jina lake. Husema, "Baba yetu alikwisha kufa zamani, huyu siye." Hatupendi kuwacheka wasemao hivyo, kwa kuwa mara nyingi wasema kwa machozi.

Lakini tulipime wazo hilo. Hakuna kati yetu akumbukaye siku aliyozaliwa, wala mwaka wake wa kwanza wa kunyonya. Je, yule mtoto hakuwa sisi? Mama asemapo, "Nilikubeba mgongoni ukiwa na homa," hasemi habari za mtu mwingine. Tena tulalapo usingizi mzito hatujui kitu, na hakuna asemaye kwamba mwenye nyumba ametoka. Kama kumbukumbu ndiyo iliyomfanya mtu, basi mtu angekuwa akifa na kufufuka kila siku. Kumbukumbu ni mali ya mtu, tena mali ya thamani kubwa. Lakini mwenye mali siye mali.

Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alilitazama jambo hili kwa makini. Aliona kwamba akili ya mwanadamu, maadamu imo katika mwili, haifanyi kazi bila picha ziletwazo na viungo vya mwili. Na kiungo hicho kikiumia, mtu hushindwa kuyafikiri hata yale aliyokwisha kuyajua. Basi kilichoharibika ni chombo. Wahenga wetu walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi akaaye mbele ya tanuru bila koleo hawezi kufua jembe, lakini hakuacha kuwa mhunzi.

Mtu aweza kutujibu: "Na kama koleo halitapatikana tena kamwe?" Swali ni la haki, maana mpaka leo hakuna dawa iponyayo ugonjwa huu, hata zile mpya zilizoidhinishwa Marekani tangu mwaka 2023 hupunguza mwendo wake kidogo tu, nazo ni ghali mno. Tulio na imani twajibu kwamba twangoja ufufuko wa mwili, wala si wa roho peke yake. Hata koleo litarudishwa. Lakini liko jibu jingine ambalo hata asiye na imani yetu aweza kulishika. Ubaba haukai katika kichwa cha baba peke yake. Mzee yule alimzaa binti yake, alimlipia ada ya shule, alimbeba kuvuka maji. Mambo hayo yalitendeka, na hakuna ugonjwa uwezao kuyatangua. Dau lililofungwa kwenye mkoko halijui kwamba limefungwa. Mti ndio uishikao kamba. Baba ameuachia upande wake wa kamba kwa kuwa mikono imekufa ganzi. Upande wa pili u mikononi mwa binti. Asipouachia, dau halijapotea.

Hatusemi kwamba hakuna kilichopotea. Binti amepoteza shauri la baba yake, utani wake, na jina lake mwenyewe kinywani mwake. Huo ni msiba, na mwenye msiba ana haki ya kulia. Asiambiwe na jirani, "Mshukuru Mungu yu hai." Yu hai, naam, na msiba upo vile vile. Yote mawili ni kweli.

Swali la pili ni juu ya kweli. Jioni baba aulizapo kama pantoni imevuka, binti ajibu nini? Njia moja ni kumwambia yote wazi: pantoni haipo tena, bonde mlilihama, mama alikwisha kufa. Ni maneno ya kweli. Lakini tutazame yafanyalo. Mzee asikiapo kwamba mkewe amekufa, hasikii habari ya zamani. Asikia tanzia ya leo. Hulia kama mtu aliyefiwa sasa hivi. Kesho amesahau, auliza tena, naye auawa mke wake mara ya pili mbele yake. Njia nyingine ni kusema, "Pantoni imeharibika, Baba, tutakwenda kesho." Mzee hutulia, akaketi. Lakini binti mwenye dhamiri hulala akijiuliza kama ametenda dhambi, tena dhidi ya baba yake.

Mtakatifu Agustino alikuwa mkali katika jambo hili, akafundisha kwamba kila uongo ni kosa, hata uliosemwa kwa nia njema. Na Mtakatifu Toma alimfuata. Hatuna ruhusa kuwapuuza. Uongo ukizoewa kwa ajili ya upole, upesi husemwa kwa ajili ya urahisi. Anayemdanganya mzee ili atulie, kesho aweza kumdanganya ili atie dole gumba kwenye karatasi ya shamba. Mambo hayo hutokea, nao watendao hujiambia kwamba mzee hajui kitu.

Lakini Kanisa lafundisha pia kwamba hatulazimiki kumwambia kila mtu kila tukijuacho, na kwamba mapendo ndiyo yapimayo namna ya kujibu. Na hapo ndipo iliko njia ya tatu. Binti asiyajibu maneno, aujibu moyo uyatumao. Aulizapo baba habari za pantoni, hatafuti ratiba ya kivuko. Atafuta mahali alipokuwa na nguvu, na kazi, na watu waliomngoja. Basi binti aseme, "Baba, nieleze habari za dungu. Mlilijengaje hata maji yasilichukue? Usiku mlifukuzaje nguruwe?" Hakusema uongo hata neno moja, naye mzee amekwenda nyumbani kwa njia pekee iliyobaki. Au atembee naye mpaka njiani, wageuke pamoja. Na kama usiku mmoja, amechoka, mzee amekwisha kushika mlango, likamtoka lile la pantoni kuharibika, asijitese. Amlilie Mungu, alale.

Wako pia wasemao maneno makali mbele ya mgonjwa, au kumcheka, wakijitetea kwamba "hatakumbuka". Madaktari wamechunguza jambo hili, wakaona kwamba mgonjwa aweza kusahau kisa, na huzuni ya kisa ikabaki moyoni mwake kwa muda. Tusi limesahauliwa, jeraha lipo, naye hajui hata limetoka wapi ili apate kusamehe. Furaha nayo hubaki vivyo hivyo. Ziara ya mjukuu iliyosahauliwa haikupotea bure.

Neno la mwisho ni kwa ndugu. Katika nyumba nyingi mzigo huu humwangukia mmoja: binti asiyeolewa, au mke wa mwana. Wengine wako mjini, hutuma sukari siku ya sikukuu, wakapiga simu kuuliza, "Mzee anaendeleaje?" Amri ya nne haikuandikwa kwa binti wa nyumbani peke yake. Yoshua bin Sira amwagiza mwana kumvumilia baba yake hata akili zikimwishia, asimdharau katika siku zake za nguvu. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi Rufiji, nao wamefundishwa wasiwagunie wazazi wao waliofikia uzee. Hakuna basi awezaye kusema hakuambiwa. Ndugu wakae, wagawane: huyu atoe fedha, huyu aje mwezi mmoja mwuguzaji apumzike, huyu ampeleke mzee hospitali. Nao vijana wapime shinikizo la damu mapema na kuacha tumbaku, maana sehemu moja ya ugonjwa huu yaweza kuzuiwa au kucheleweshwa.

Nabii Isaya aliandika kwamba hata mama akimsahau mtoto wake anyonyaye, Mungu hamsahau. Twazoea kulisoma neno hilo kama faraja kwa mtoto. Tulisome pia kwa ajili ya mzazi asahauye bila kosa lake, na kwa ajili ya mtoto aliyesahauliwa akiwa mtu mzima, aketiye kando ya baba yake jioni, akiitwa kwa jina lisilo lake, na bado akiitika.